RAID na NAS kwa ofisi na studio za Dar es Salaam: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wateja wetu: mawakala wa forodha, wahasibu, zahanati, shule, na zaidi ya wote studio za picha za harusi, maana hao ndio wanaojaza diski kuliko mtu yeyote hapa mjini. Tumeyapanga kuanzia ya mwanzo hadi yale ya usiku wa manane. Kama taa nyekundu inawaka sasa hivi, ruka hadi swali la 20 na usiguse kitu kabla hujalisoma.

## Mwanzo kabisa

1. NAS ni nini na RAID ni nini? Si kitu kimoja?

Hapana. NAS ni kisanduku chenye diski ndani, kinachochomekwa kwenye swichi au raota ya ofisi, na kompyuta zote zikawa zinafungua mafaili humo badala ya kupokezana flashi. RAID ni namna diski zilizomo zinavyopangwa kufanya kazi pamoja, ili moja ikifa kazi isisimame. Unaweza kuwa na NAS ya diski moja isiyo na RAID yoyote, na unaweza kuweka RAID kwenye kompyuta ya kawaida tu ya mezani.

Wazo lenyewe ni la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliolitangaza mwaka 1988. Hoja yao ilikuwa ya bei: diski nyingi ndogo za bei nafuu zikifungwa pamoja zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya bei ya kutisha, mradi ipatikane njia ya kuvumilia moja inapoharibika. Hoja hiyo ndiyo bado inayokuleta dukani leo.

2. Nikishaweka RAID, bado nahitaji bakapu?

Ndiyo. Hakuna swali linaloulizwa kuliko hili, na hakuna jibu linalopuuzwa kuliko hili.

RAID inakukinga na jambo moja tu, nalo ni diski kufa. Haikukingi na mhasibu aliyefuta folda ya mwaka jana akidhani ni nakala ya ziada. Haikukingi na mwizi aliyebeba kisanduku kizima, wala moto, wala maji yaliyoingia kupitia dari, wala kirusi. Ukifuta faili kwenye diski pacha, linafutika pande zote mbili papo hapo, kwa sababu kazi ya pacha ni kufanana.

Tukifunga NAS mahali pasipo na bakapu, tunaandika hivyo kwenye hati ya makabidhiano na mteja anasaini. Wengine hununa. Namna ya kupanga bakapu yenyewe iko kwenye maswali ya 17 hadi 19.

3. Sasa RAID ni ya nini?

Ni ya kufungua ofisi Jumatatu asubuhi. Tuseme diski imekufa Jumapili usiku na huna RAID. Hata kama bakapu yako ni nzuri, kurudisha TB 6 (terabaiti 6) kutoka kwenye eksteno, yaani diski ya nje ya kuchomeka, kunakula zaidi ya saa 13, na hapo hujahesabu muda wa kutafuta diski mpya. Ukiwa na RAID, wafanyakazi wanaendelea na kazi zao na wewe unakwenda kununua diski kwa nafasi yako.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize: mafaili yakipotea leo, naweza kukaa bila kazi kwa muda gani? Kama ofisi inavumilia siku mbili na hakuna mteja atakayepiga kelele, huenda huhitaji RAID kabisa. Nunua NAS ya diski moja, fedha iliyobaki iende kwenye bakapu. Tunajinyima mauzo kwa kusema hivi, lakini ndivyo ilivyo.

## Kuchagua aina

4. RAID 0, 1, 5, 6 na 10 zinatofautianaje?

RAID 0 inakatakata mafaili vipande na kuvisambaza kwenye diski zote. Ina kasi, unapata nafasi yote, na kinga yake ni sifuri: diski moja ikifa, yote yamekwenda. Tunaiweka tu kwa mhariri wa video anayetaka uwanja wa muda, huku picha zake halisi ziko kwingine.

RAID 1 ni diski mbili pacha. Unalipia mbili, unapata nafasi ya moja.

RAID 5 inataka diski tatu kwenda juu. Nafasi ya diski moja inaliwa na pariti (swali la 5), na unaweza kupoteza diski yoyote moja. RAID 6 inataka nne kwenda juu, pariti inakula nafasi ya diski mbili, na unaweza kupoteza zozote mbili.

RAID 10 inapanga diski kwa jozi za pacha, kisha inasambaza mafaili kati ya jozi hizo. Unapata nusu ya nafasi. Inavumilia diski moja kwa uhakika. Ya pili inategemea imekufa ipi, kwa sababu zikifa zote mbili za jozi moja mchezo umekwisha.

Kwa diski nne za TB 8: RAID 0 inakupa TB 32, RAID 5 inakupa TB 24, RAID 6 na RAID 10 zinakupa TB 16 kila moja.

5. Diski ikifa, data yake inatoka wapi? Pariti inafanyaje kazi?

Inatoka kwenye hesabu, na hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwa kalamu. Chukua diski tatu. Ya kwanza ina 1 0 1 1. Ya pili ina 0 1 1 0. Ya tatu tunaiandika hivi: tarakimu mbili zikilingana, weka 0, zikitofautiana, weka 1. Inapatikana 1 1 0 1. Hiyo ndiyo pariti.

Sasa diski ya pili ife. Chukua ya kwanza na ya tatu, rudia kanuni ileile: 1 na 1 ni 0, 0 na 1 ni 1, 1 na 0 ni 1, 1 na 1 ni 0. Umepata 0 1 1 0, kitu kilekile kilichokuwa kwenye diski iliyokufa. RAID 5 inafanya hivyo mamilioni ya mara, na pariti haiwekwi kwenye diski moja bali inazungushwa kwenye zote. RAID 6 inaongeza hesabu ya pili ya aina nyingine, ngumu kidogo kwa kalamu, na ndiyo inayoipa uwezo wa kuvumilia vifo viwili.

Gharama yake iko kwenye kuandika. Kila badiliko dogo linailazimu NAS isome data ya zamani na pariti ya zamani kabla ya kuandika mpya. Mfumo wa mauzo au wa uhasibu unaoandika vitu vidogo vidogo mfululizo unasuasua kwenye RAID 5 na 6. Kwenye RAID 10 unatiririka.

6. Niambieni tu, nichukue ipi?

Diski mbili: RAID 1, hakuna mjadala. Diski tatu: RAID 5, kama kila diski haizidi TB 4. Diski tano na kuendelea: RAID 6.

Mabishano yako kwenye diski nne. RAID 6 na RAID 10 zinakupa nafasi sawa, kwa hiyo angalia kazi. Picha, skani za nyaraka, video na mafaili yanayokaa tu: RAID 6. Database (kama ya mfumo wa mauzo au wa uhasibu), au NAS inayoendesha kompyuta pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta: RAID 10.

Kwa studio ndogo za harusi tuna msimamo ambao si kila fundi anakubaliana nao. Diski mbili kubwa kwenye RAID 1 ni bora kuliko nne ndogo kwenye RAID 5. Vitu vya kuharibika ni vichache, umeme unaotumika ni mdogo, na kwa NAS nyingi diski moja ya pacha inaweza kusomwa kwenye kompyuta yoyote ya Linux siku kisanduku kikifa (swali la 22). Tofauti ya bei inasogea kwenye NAS ya pili ya bakapu.

7. Mbona kwenye diski kubwa mnakataa RAID 5? Fundi mwingine amekubali.

Kwa sababu ya saa za kujenga upya. Ukiweka diski mpya mahali pa iliyokufa, NAS inapaswa kuijaza yote. Diski ya TB 16 ikiandikwa kwa megabaiti 150 kwa sekunde inachukua karibu saa 30, na hapo NAS haina kazi nyingine. Ofisini watu wanaendelea kufungua mafaili, kwa hiyo saa 30 zinageuka siku kadhaa. Muda wote huo RAID 5 haina kinga hata chembe, na diski zilizobaki, ambazo umri wake ni uleule wa iliyokufa, zinasomwa mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Ya pili ikianguka hapo katikati, umebaki na bakapu tu.

Kuna na jambo la sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zisizosomeka. Kwenye karatasi za vipimo, watengenezaji wa diski nyingi za kawaida wanaahidi kosa lisilozidi moja kwa kila biti trilioni 100, yaani takribani TB 12.5 za kusoma. Diski za daraja la juu zinaahidi mara kumi ya hapo. Kujenga upya RAID 5 ya diski nne za TB 8 kunasoma TB 24. Wapo wanaochukua hesabu hiyo na kutangaza kwamba RAID 5 lazima ishindwe. Si kweli: hicho ni kiwango ambacho mtengenezaji anaahidi kutokivuka, na diski nyingi hufanya vizuri zaidi ya hapo. Lakini zipo kontrola (vifaa vinavyoendesha RAID) ambazo zikikutana na sekta moja tu iliyokufa wakati wa kujenga upya, zinasusa kazi nzima.

Mpaka wetu ni TB 4 kwa diski. Wapo mafundi wazuri wanaokwenda hadi TB 8, na hatugombani nao.

8. Nimenunua diski nne za TB 4, nimeweka RAID 5, mbona naona 10.9 badala ya 12?

Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu terabaiti kwa maelfu, na mifumo mingi ya kompyuta inahesabu kwa 1,024. TB 12 za dukani ni 10.9 za kwenye skrini. Nafasi ya diski ya nne imekwenda kwenye pariti.

9. Diski zangu ni za ukubwa tofauti. Zinafaa?

Zinafaa, ila kwenye RAID ya kawaida ndogo kuliko zote ndiyo inayoamua. Ya TB 4 ikikaa na mbili za TB 8, zote tatu zinahesabiwa kuwa za TB 4, na unapata TB 8 tu kwenye RAID 5. NAS za Synology zina mpangilio wao unaoitwa SHR unaojua kutumia mabaki. Diski hizohizo tatu zinakupa TB 12, na bado moja inaweza kufa. Kwa ofisi inayokua kidogo kidogo, ikinunua diski moja kila fedha ikipatikana, SHR ni rahisi kuishi nayo.

10. Kijana wetu wa kompyuta anataka ZFS. Tumkubalie?

Anataka kitu kizuri. ZFS, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski unaofanya na kazi ya RAID, ilitoka Sun Microsystems mwaka 2005, na sifa yake kubwa ni kwamba inahifadhi alama ya uhakiki ya kila kipande cha data. Ikisoma kipande na alama haikubaliani, inajua diski imedanganya, na inarekebisha kutoka upande wenye ukweli. RAID ya kawaida haijui hilo. Pacha wawili wakitofautiana, haina njia ya kusema nani yuko sahihi. RAID-Z1, Z2 na Z3 za ZFS zinavumilia diski moja, mbili na tatu. Malalamiko ya zamani kwamba huwezi kuongeza diski moja kwenye kundi la RAID-Z yamepungua tangu toleo la OpenZFS 2.3 la mwaka 2025.

Swali letu kwa mkurugenzi ni jingine: kijana huyo akipata kazi kwingine, nani mwingine ofisini anaweza kuingia humo? Kama jibu ni hakuna, chukua NAS ya kawaida yenye kurasa za kubofya. Na kama anachotaka ni Btrfs, mfumo mwingine wa aina hiyo, usitumie RAID 5 au 6 ya kwake yenyewe; hata waundaji wake wanaonya. Synology wanaiweka Btrfs juu ya RAID ya Linux, na hiyo ni salama.

11. RAID 10 itafanya mafaili yafunguke haraka zaidi?

Kwa mtandao wa gigabiti moja, ambao ndio uliopo ofisi nyingi, huenda usione tofauti kwenye mafaili makubwa. Waya wenyewe unapitisha takribani megabaiti 110 kwa sekunde, na diski moja nzuri inaushinda. Na kama watu wako wanaingia kwa Wi-Fi kutoka chumba cha tatu, tatizo lako si diski. Vuta kebo kwanza.

## Diski zenyewe

12. Diski za Kariakoo zinafaa, au lazima niagize nje?

Zinafaa, ukijua unachonunua.

Kwanza, aina. Zipo diski zinazoandika njia zake za sumaku zikipandana kama vigae vya paa, zinaitwa SMR. Kubadilisha njia moja kunalazimu kuandika upya na majirani zake, kwa hiyo kwenye kujenga upya RAID zinakwama vibaya. Mwaka 2020 iligundulika kwamba baadhi ya diski za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya NAS, zilikuwa SMR bila mnunuzi kuambiwa. Leo ukitaka kuwa na amani, chukua WD Red Plus, Seagate IronWolf au Toshiba N300. Andika namba kamili ya modeli kwenye karatasi kabla hujaingia dukani, maana “ni ileile tu bosi” si vipimo.

Pili, umri. Diski zilizotumika nje zinaingia nchini na kupigwa plastiki mpya. Ichomeke kwenye kompyuta, fungua taarifa za SMART, yaani kumbukumbu za afya ambazo diski inajiwekea, kwa programu ya bure kama CrystalDiskInfo, usome saa ilizofanya kazi. Mpya inasoma sifuri au saa chache. Hata hiyo inaweza kuchezewa: mapema 2025 huko Ulaya ziligundulika diski za Seagate zilizotumika zikiuzwa kama mpya baada ya kumbukumbu za SMART kufutwa, na zilizoumbua ni kumbukumbu za ndani zaidi zinazoitwa FARM. Muuzaji anayekubali uichomeke na kuisoma hapohapo kaunta, mrudie tena.

Diski iliyotumika si haramu. Kwa bakapu ya tatu hatuna neno. Kwa RAID ya ofisi, hapana.

13. Ninunue zote siku moja duka moja?

Afadhali uchanganye. Diski zilizotoka kiwandani pamoja na kuwashwa siku moja huwa na kasoro zilezile, na huchoka karibu pamoja. Nunua nusu huku na nusu kule. Na nunua moja ya ziada uiweke kabatini kama spea. Modeli uliyoizoea inaweza isiwepo mjini siku unayoihitaji.

14. SSD je, diski zisizo na sehemu inayozunguka?

Kwa database ndogo yenye watu wengi, ndiyo, kwenye RAID 1. Kwa kuhifadhi harusi za miaka mitano, bei haikubali.

## Umeme, joto na chumvi

15. UPS ni lazima?

UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, ni lazima kuliko diski ya nne. Umeme ukikatika wakati NAS inaandika, data inaweza kuwa imeingia huku pariti bado, na RAID ya kawaida isigundue mpaka siku diski inapokufa na hesabu ikaleta takataka. Na umeme ukirudi kwa kishindo, ndipo vifaa vinapoungua.

Lakini UPS isiyounganishwa na NAS ni nusu ya kazi. Kuna kebo ya USB inayotoka nyuma ya UPS kwenda kwenye NAS. Kupitia hiyo NAS inajua kwamba sasa inaishi kwa betri, na baada ya dakika ulizopanga inajizima yenyewe kwa adabu. Bila kebo hiyo, betri inaisha na NAS inazimika ghafla, dakika kumi baadaye kuliko ambavyo ingezimika. Jaribu mwenyewe: chomoa UPS ukutani mchana watu wamekwenda kula, uone kama inajizima.

Watu hufikiria mgao na mvua. Sisi tunakutana zaidi na LUKU iliyoisha Jumamosi saa nane usiku na hakuna mtu ofisini. Stabilaiza haisaidii hapo. Inatuliza volti tu, haina betri. Jenereta nayo inachukua sekunde kadhaa kuwaka, na sekunde hizo zinatosha kuzima NAS.

16. Niiweke wapi?

Mahali penye hewa, juu ya sakafu, mbali na dirisha. Joto la diski likipita nyuzi 50 mara kwa mara, umeanza kula umri wake. NAS inaonyesha joto hilo, liangalie mwezi Februari saa nane mchana, si Julai. Ofisi za Masaki na Kigamboni zinazofungua madirisha kupokea upepo wa bahari zinapokea na chumvi, na chumvi inakula viunganishi. Usiiweke chini ya kiyoyozi, kinadondosha maji. Stoo iliyofungwa kwa kufuli ni nzuri kwa wezi na mbaya kwa joto. Toboa matundu ya hewa mlangoni.

## Bakapu

17. Bakapu ya kutosha ni ipi?

Kanuni inayotumika ni ya nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae nje ya jengo. Iliyoisambaza ni mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh. NAS ni nakala ya kwanza. Eksteno inayochukua kila usiku ni ya pili. Ya tatu ndiyo watu wanaikwepa.

Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021. Mwenye duka ambaye bakapu yake ilikuwa kwenye droo ya meza ileile ya kompyuta hakuwa na bakapu. Kwa hiyo nakala ya tatu ilale nyumbani kwa mkurugenzi, au kwenye NAS ndogo ya tawi jingine. Angalia na ramani: ofisi Jangwani na nyumba Mchikichini si sehemu mbili, Mto Msimbazi ukifurika ni sehemu moja. Ya Tegeta au Mbagala ni bora.

Na bakapu ambayo haijawahi kurudishwa bado ni matumaini. Kila baada ya miezi mitatu chagua folda moja, irudishe, ifungue.

18. Si niweke tu kwenye wingu?

Kwa nyaraka, weka. Kwa picha na video, piga hesabu kwanza. TB 2 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya siku 18 mfululizo, bila kukatika. Kurudisha nako kuna siku zake. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao wa nchi nzima uliyumba, na wenye mafaili yao yote ng'ambo walikaa wakiyasubiri. Wingu liwe nakala ya tatu, lisiwe ya kwanza.

Zahanati, shule na wanaoajiri wengi wasome pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo ya kuuliza, si fundi.

19. Virusi vya kudai fidia vinaweza kuingia kwenye NAS?

Vinaingia kwa njia mbili. Kompyuta ya mfanyakazi ikiambukizwa, inafunga kila faili linaloweza kuandika, na folda za NAS zimo. Au NAS yenyewe imeachwa wazi kwenye intaneti: Januari 2022 kirusi cha DeadBolt kilifunga NAS za QNAP zilizokuwa zinafikika moja kwa moja kutoka nje.

Usifungue NAS kupitia raota ili bosi aone mafaili akiwa safarini, tumia VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali. Washa snapshoti, yaani kumbukumbu za hali ya folda kwa saa fulani, ambazo kompyuta za wafanyakazi haziwezi kuzifuta. Kila mtu awe na neno lake la siri. Na eksteno moja ikae imechomolewa. Kirusi hakifiki kwenye waya usiokuwepo.

## Mambo yakiharibika

20. Taa nyekundu inawaka. Nifanye nini?

Usizime. Usichomoe kitu. Usiwashe upya “ili tuone”.

Ingia kwenye ukurasa wa NAS kwa kompyuta, usome inasema nini, upige picha ya skrini. Kama imeandika kwamba kundi limepungua diski lakini linafanya kazi, hakikisha bakapu ya jana ipo. Kama haipo, nakili mafaili muhimu kwanza, kabla ya kugusa diski. Baada ya hapo soma namba ya siriali ya diski iliyokufa, ilinganishe na iliyobandikwa kwenye diski yenyewe, ndipo uitoe na kuweka mpya ya ukubwa uleule au zaidi. Kujenga upya kuache kukiendelea usiku, UPS ikiwa imechomekwa.

Na washa taarifa za barua pepe leo, ziende kwa watu wawili. Kwenye ofisi moja ya forodha karibu na Posta tulikuta NAS chini ya meza ya fotokopi, diski moja imekufa wiki nyingi zilizopita. Ilikuwa ikilia, na dada wa mapokezi alikuwa amegundua kitufe cha kunyamazisha. Hakukosea chochote, hakuna aliyemwambia ule mlio ni wa nini. Panga pia NAS isome diski nzima mara moja kwa mwezi, ili sekta mbovu zijulikane kabla ya siku ya kujenga upya.

21. Nimechomoa diski nzima badala ya mbovu!

Kwenye RAID 6 pumua, kundi bado linafanya kazi. Kwenye RAID 5 kundi limeanguka, lakini data kwa kawaida bado ipo. Usibofye “unda upya” wala “fomati”, hata kama NAS inakuomba. Rudisha diski kwenye tundu lilelile, zima kwa utaratibu, mwite mtu anayejua mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID. Ndiyo maana tunabandika siriali kwa nje ya kila tundu.

22. Kisanduku kimekufa lakini diski ni nzima.

Kwa NAS zinazotumia Linux, na nyingi ndivyo, zihamishie diski kwenye kisanduku kingine cha kampuni hiyohiyo kwa mpangilio uleule, au zisomwe kwenye kompyuta ya Linux. Ukiwa na kadi ya RAID ya ndani ya seva, huenda ukahitaji kadi ya familia ileile. Ndiyo sababu mojawapo ya sisi kutozipenda kwa ofisi ndogo.

23. Diski mbili za RAID 5 zimekufa na bakapu hakuna.

Zima. Acha kujaribu. Wanaofufua diski kwenye chumba kisicho na vumbi wapo nje ya nchi zaidi kuliko hapa, bei yao inaweza kupita ya NAS mpya, na kila jaribio la nyumbani linapunguza uwezekano wao. Usiiweke kwenye friza, tafadhali.

24. Diski iliyokufa nimpe nani?

Kama bado ina waranti, muuzaji ataidai kabla ya kukupa nyingine. Kumbuka diski ya RAID 1 ina mafaili yako yote, na hata moja ya RAID 5 ina vipande vinavyosomeka: kurasa za mikataba, namba za simu, majina. “Imekufa” mara nyingi maana yake ni sekta chache. Ukiweka usimbaji fiche tangu siku ya kwanza, irudishe bila wasiwasi. Bila huo, kwa diski za zahanati tunasamehe waranti na kutoboa sahani zake kwa drili mbele ya mteja. Za harusi mwenyewe ataamua, ila awaulize na maharusi.